Ujamaa Uliofika Rungwe na Ule Unaokumbukwa

Katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, "enzi za Mwalimu" ni kipimo. Bei ya majani ya chai ikishuka, dawa zikikosekana zahanati, au kiongozi akijenga nyumba isiyolingana na mshahara wake, hakosekani mtu wa kusema kwamba enzi za Mwalimu jambo hilo lisingetokea. Mara nyingi msemaji ni mzee, ingawa vijana waliozaliwa baada ya Mwalimu Nyerere kung'atuka nao huyasema hayohayo kwa uhakika uleule. Historia inapaswa kuyasikiliza maneno haya kwa makini, na njia nzuri ya kuyasikiliza ni kuanza na jambo lililotangulia: ujamaa uliofika Rungwe ulikuwa wa namna gani? Anayeanza kwa kuuliza kwa nini watu wanautamani, kabla ya kujua walichokuwa nacho, huishia kuchukua kumbukumbu za leo na kuzifanya habari za jana.

Tuanze basi kabla ya ujamaa. Wanyakyusa waliokaa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe na kushuka hadi Ziwa Nyasa walikuwa na utaratibu wa makazi ambao wageni waliuona kuwa wa pekee. Wavulana walipofikia umri wa miaka kama 10 hadi 12 waliondoka katika kijiji cha wazazi wao na kujenga vibanda vyao pamoja. Waliendelea kula kwa mama zao na kumsaidia baba shambani, lakini kulala na kuishi walifanya na wenzao wa rika. Walipooa, wake zao walikuja kukaa hapo, na kibanda cha wavulana kikawa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi palifanyika sherehe kubwa ya kuwakabidhi vijana mamlaka na ardhi, na wazee wakasogea pembeni. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwamba kwa Wanyakyusa kula, kunywa na kuzungumza pamoja na watu wa rika moja kulihesabiwa kuwa ndiyo maisha mema yenyewe. Kitabu alichokitoa Monica Wilson mwaka 1951 kinahusu vijiji hivyo vya rika.

Hata hivyo, wakati Wilson na mumewe wanaviandika, vijiji hivyo vilikuwa tayari vinadhoofika, na sababu zake zinaeleweka. Wamisionari wa Kimoraviani walikuwa wamefika Rungwe mwaka 1891, na makao ya utawala wa Wajerumani yaliwekwa Tukuyu, mji walioupa jina la Neu Langenburg. Kutokana na misheni na serikali vikaja shule, kodi na kahawa. Kahawa ndiyo iliyobadilisha zaidi habari ya ardhi. Mtu aliyepanda mibuni, ambayo hudumu kwa miaka mingi, hakuwa tayari kukiachia kizazi kipya shamba lake katika sherehe ya makabidhiano, bali alitaka mwanawe alirithi. Wakati huohuo, vijana wengi waliokuwa wakitafuta fedha ya kodi na ya mahari walikwenda machimboni, wengine Ukanda wa Shaba wa Zambia ya leo na wengine Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, wakala wa kuandikisha wafanyakazi wa migodi. Waliporudi walikuwa na fedha zao wenyewe, hawakuhitaji tena kungoja ng'ombe wa baba, na watu wakaongezeka juu ya ardhi ileile yenye rutuba na mvua nyingi. Kufikia uhuru, Rungwe ilikuwa wilaya ya migomba, kahawa, shule na uhaba wa ardhi.

Aprili 1962 Julius Nyerere alitoa kijitabu chake kuhusu ujamaa kama msingi wa usoshalisti wa Kiafrika. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwafrika hakuhitaji kufundishwa usoshalisti kutoka Ulaya, kwa kuwa katika jamii ya jadi kila mtu alifanya kazi, hakuna aliyemnyonya mwenziwe, na mgeni alikaribishwa kisha akapewa jembe. Naona ni muhimu kulikumbuka jambo hili kabla ya kwenda mbele. Ujamaa wenyewe ulianza kama hamu ya zamani. Ulitazama nyuma, ukachagua kilicho chema katika maisha ya mababu, na ukaacha kando uwezo wa malafyale, yaani chifu, ndoa za wake wengi za wazee wenye ng'ombe, na hofu ya uchawi ambayo Monica Wilson aliieleza kwa kurasa nyingi. Leo tunapoona watu wakichagua yaliyo mema katika ujamaa na kuyaacha mengine, hatuoni jambo geni.

Mpuguso, nje kidogo ya Tukuyu, ni mahali pazuri pa kuanzia kuitazama Rungwe ya wakati huo. Hapo palikuwa na shule ya kati ya bweni, moja ya shule zile za darasa la tano hadi la nane ambazo ziliwachuja watoto waliofaulu mtihani wa darasa la nne. Waliovuka mchujo huo walikuwa wachache, na waliovuka ule wa darasa la nane wakaenda sekondari walikuwa wachache zaidi. Mmoja wa waliopita Mpuguso mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni Godfrey Mwakikagile, ambaye baadaye alisoma Songea na Tambaza, akawa mwandishi wa habari Dar es Salaam, na mwaka 1972 akaenda Marekani kusoma. Tutamrudia, kwa kuwa ameandika mengi kuhusu enzi hizo. Kwa sasa inatosha kusema kwamba kizazi chake ndicho kilichoingia utu uzima pamoja na Azimio la Arusha.

Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Benki zilitaifishwa kesho yake, na siku zilizofuata zikaja bima, makampuni makubwa ya biashara ya nje na viwanda kadhaa. Viongozi waliwekewa miiko: kutokuwa na hisa katika makampuni, kutokuwa na mishahara miwili, kutopangisha nyumba. Machi mwaka huo kikatoka kitabu kuhusu elimu ya kujitegemea, na Septemba kikafuata kile kilichoeleza ujamaa vijijini, yaani watu waishi pamoja, walime shamba la pamoja na kugawana mavuno kwa kadiri ya kazi. Hatua za mwanzo zilikuwa za hiari. Kusini mwa nchi, huko Ruvuma, vikundi vya wakulima vilikuwa vimeanza kufanya hivyo kwa uamuzi wao wenyewe. Mwaka 1969 chama chao kilivunjwa na uongozi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ambao ulikuwa umeanza kuona kwamba maendeleo yasiyopitia kwake ni hatari. Tukio hilo lilionyesha mapema upande ambao sera ingeelekea.

Rungwe, utekelezaji ulikumbana na ardhi. Watafiti wawili wa Kiholanzi, P. M. van Hekken na H. U. E. Thoden van Velzen, waliishi wilayani humo katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakachapisha kitabu kuhusu uhaba wa ardhi na tofauti za kipato vijijini. Walichokiona hakilingani na picha ya usawa ambayo wengi wanayo leo. Waliona wakulima wenye uwezo wakikodi ardhi, wakiajiri vibarua na kuwakopesha jirani zao. Mwaka uliofuata Thoden van Velzen aliandika tena, akieleza jinsi watumishi wa serikali vijijini walivyokuwa karibu na wakulima hao wenye uwezo: walikula kwao, walipata ardhi kwao, na upande wao ndio waliousikiliza mambo yalipokuwa magumu. Mkulima maskini alikutana na serikali hasa ilipomwamuru kufanya kazi fulani au kulipa mchango. Yote haya yaliandikwa wakati Azimio likiwa bado jipya.

Kisha ikaja hatua ya nguvu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi katika ugomvi uliotokana na shinikizo la ujamaa shambani. Nchi ilishtuka, lakini serikali haikurudi nyuma. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja, na mwaka 1974 operesheni za kuwahamisha zikapamba moto. Katika mikoa mingine nyumba zilichomwa na watu wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa mahali pasipo na maji. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilivipa vijiji walikohamishiwa hadhi ya kisheria, na kufikia mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba watu wapatao milioni 13 walikuwa katika vijiji zaidi ya 7,000.

Hapa Rungwe inatengana na Dodoma au Mtwara. Katika maeneo ya nyanda za juu yenye watu wengi na mazao ya kudumu, kama Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, kuwahamisha watu kulimaanisha kung'oa migomba na kahawa, na kwa kuwa watu walikuwa tayari wamekaa karibu karibu, hakukuwa na sababu ya maana ya kufanya hivyo. Wengi waliandikishwa wakiwa palepale migombani mwao. Mipaka ya kijiji ilichorwa, mwenyekiti na katibu wakachaguliwa, balozi wa nyumba kumi akaendelea na kazi yake, na maisha ya shamba la familia hayakuvunjika. Shamba la kijiji lilikuwapo sehemu kadhaa, lakini ndizi na kahawa zilibaki za kila nyumba. Ni lazima kulishika jambo hili vizuri: sehemu kubwa ya Rungwe haikupata jeraha la operesheni kama mikoa ya kati na ya kusini-mashariki ilivyolipata. Atakayelinganisha kumbukumbu za Rungwe na za Mtwara bila kuiweka tofauti hii mbele atapata majibu ya uongo.

Kama Rungwe haikupata shamba la pamoja kwa ukamilifu wala malori ya operesheni, ilipata nini? Ilipata serikali iliyofika hadi mlangoni. Mwaka 1968 iliundwa Mamlaka ya Chai, na wakulima wadogo wa Rungwe wakahimizwa kupanda chai pembeni mwa migomba yao. Mamlaka ilitoa miche na mbolea, ilituma mabwana shamba, ilipitisha magari vituoni kukusanya majani mabichi, na kuyapeleka viwandani, Katumba na baadaye Mwakaleli. Jani la chai haliwezi kungoja. Likikaa kwa saa nyingi baada ya kuchumwa huharibika. Kwa hiyo zao hili linategemea barabara, gari na kiwanda kuliko mazao mengine yote ya wilaya, na mkulima wa chai anaishi kwa kuaminiana na mtu asiyemjua vizuri. Wakati gari lilipopita kwa wakati na malipo yakatoka, serikali ilikuwa kitu kinachoonekana.

Jambo la pili ni bei. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya mahindi nchi nzima, bila kujali umbali wa mkulima kutoka Dar es Salaam, na ikatoa mbolea kwa ruzuku. Walionufaika zaidi ni wakulima wa mikoa ya mbali: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Gharama ya kuyasafirisha mahindi yao hadi pwani ililipwa, kwa hakika, na taifa zima. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ilipita Mbeya na kuufungua mkoa huo zaidi. Kwa muda wa miaka kama 10 hivi Nyanda za Juu Kusini zilikuwa ghala la nchi. Mwanauchumi atasema kwamba mpango huo haukuweza kudumu, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kwa mkulima wa milimani aliyekuwa akiuza gunia lake kwa bei ileile ya mwenzake wa Morogoro, ilikuwa mara ya kwanza umbali usimwadhibu.

Jambo la tatu ni elimu na afya. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Madarasa ya kisomo cha watu wazima yalienea, na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka huohuo iliwafanya watu kote nchini wachimbe vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma, na mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ukaanza. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 1961 walikuwa chini ya 500,000 Tanzania Bara nzima, walipita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haja ya walimu ikawa kubwa sana, vyuo vikajaa, na waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kufundisha kwa mafunzo yaliyofuatwa kijijini kwa barua na redio. Mpuguso yenyewe, iliyokuwa shule ya kuwachuja wachache, leo ni chuo cha ualimu. Sidhani kuna mfano mmoja wilayani unaoonyesha vizuri zaidi maana ya badiliko hilo.

Basi hadi hapa tunaweza kuelewa kinachokumbukwa kwa upendo. Sasa ni zamu ya kinachosahaulika.

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na madaraka yakapelekwa mikoani kwa maofisa walioteuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kote nchini. Kwa wilaya ya kahawa hilo lilikuwa pigo, kwa kuwa ushirika haukuwa kitu cha serikali. Wakulima walikuwa wameujenga wenyewe kabla ya uhuru, pamoja na kasoro zake zote. Nafasi yake ilichukuliwa na mamlaka za mazao, ambazo mkulima hakuzichagua wala hakuweza kuziuzulu. Nyerere mwenyewe alisema katika mahojiano ya mwaka 1984 kwamba, kama angeanza upya, mambo mawili asingeyafanya ni kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Ushirika ulirudishwa kisheria mwaka 1982, lakini chama kilichovunjwa hakifufuki kwa kuandikishwa upya tu: mali ilikwishatawanyika, na imani pia.

Kisha likaja lile ambalo kila aliyekuwa mtu mzima analikumbuka, hata asipolitaja. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ukame ukaingia, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera Oktoba 1978, na vita vikaisha mwaka uliofuata huku hazina ikiwa tupu wakati mafuta yanapanda tena. Maduka mengi ya watu binafsi yalikuwa yamekwisha kufungwa katika operesheni ya mwaka 1976. Sabuni, sukari, chumvi na khanga zikawa bidhaa za foleni na kibali. Katika wilaya zilizo karibu na mpaka, vitu vilivuka mto Songwe kutoka Malawi kwa magendo, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine uliwakamata walanguzi wakubwa pamoja na watu wenye masanduku machache ya bidhaa. Sokoine alifariki katika ajali ya gari Aprili 1984, na hata yeye leo hukumbukwa kwa upendo mkubwa.

Elimu nayo ilikuwa na upande wake wa pili. Watoto wengi walimaliza darasa la saba, lakini nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na ziligawanywa kwa mgao wa kila mkoa na wilaya ili maeneo yaliyochelewa yasiachwe nyuma. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa taifa, nami nauheshimu. Hata hivyo katika wilaya iliyotangulia kielimu, mtoto wa Rungwe angeweza kufaulu vizuri na bado akabaki nyumbani. Anayesema leo kwamba enzi za Mwalimu elimu ilikuwa bure anasema kweli. Pengine tu hakumbuki ni wangapi waliokaa nje ya mlango wa sekondari.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985. Agosti 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ilishushwa thamani mara kadhaa, biashara ikafunguliwa, na bidhaa zikarudi madukani. Watu walifurahi, na ni muhimu kusema hivyo bila kusita: kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyetamani foleni irudi. Lakini pamoja na sabuni yalikuja mengine. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaondolewa katikati ya miaka ya 1990, na bei moja ya mahindi ikaachwa. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ikikutana Zanzibar, ililegeza miiko ya uongozi. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za serikali. Mamlaka ya Chai ilikosa fedha za magari na vipuri, majani yakaoza vituoni, malipo yakachelewa, na wakulima wengi wakayaacha mashamba yakawa vichaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vya Katumba na Mwakaleli vikaenda kwa kampuni ya Wakulima, ambayo chama cha wakulima wadogo wa Rungwe kilipata hisa ndani yake, na uzalishaji ukafufuka. Siku hizi baadhi ya mashamba ya chai yanapisha parachichi.

Ndiyo maana mimi naweka chanzo cha hamu hii katika miaka kati ya 1986 na 2000, zaidi ya katika enzi zenyewe. Haikuzaliwa kwa sababu miaka ya 1970 ilikuwa mizuri. Ilizaliwa kwa sababu kile kilichokuwa chema katika miaka hiyo kiliondoka kimoja kimoja, kwa kishindo kidogo, wakati kile kilichokuwa kibaya, yaani foleni, kiliondoka chote kwa pamoja. Kilichoondoka kwa pamoja husahaulika upesi. Tena kumbukumbu imehamisha tarehe. Kuanguka kwa Mamlaka ya Chai huhesabiwa kuwa jambo la enzi za soko huria, ingawa uchakavu wake ulianza mapema, wakati nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununua hata tairi.

Wataalamu wa Ulaya walikwisha kukutana na jambo kama hili. Ukuta wa Berlin uliangushwa Novemba 1989, na haikupita miaka mingi kabla ya watu wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki kuanza kutafuta tena bidhaa na nyimbo za nchi ambayo wengi wao walikuwa wameandamana kuipinga. Katika Yugoslavia ya zamani kulikuwa na hamu ya enzi za kiongozi wake, Tito, na nchini Urusi kura za maoni zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wengi wanasikitikia kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti. Svetlana Boym, aliyezaliwa Leningrad, aliandika mwaka 2001 kwamba kuna hamu inayotaka kuyajenga upya yaliyopita kama yalivyokuwa, na kuna nyingine inayoyatafakari tu ili kuuelewa wakati uliopo. Mgawanyo huo unatusaidia, ingawa Tanzania haikuwa nchi ya kikomunisti, na kuna tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Kule Ulaya chama kilianguka. Hapa chama kilichotangaza Azimio, kwa jina la TANU, bado kinatawala kwa jina la CCM, na Katiba bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa. Zama hizo hazikufungwa rasmi na mtu yeyote. Hakuna aliyezihukumu, na hakuna aliyezizika.

Kutokana na hilo, sauti ya Mwalimu imebaki kuwa ya kila mmoja. Mei Mosi ya mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo huo kurudishwa mwaka 1992, alihutubia katika Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya, akazungumzia rushwa, ukabila, udini na sifa za mtu anayefaa kuingia Ikulu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari ambao miongoni mwao alikuwa Profesa David Mwakyusa, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rungwe Magharibi. Tangu hapo hotuba zake zimerushwa redioni, na sasa zinasikilizwa kwenye simu. Chama tawala hunukuu hotuba hizo, na wapinzani huzinukuu pia. Mwaka 2015 chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilitoa Azimio la Tabora kikilihuisha lile la Arusha. Mtafiti Marie-Aude Fouéré, aliyehariri kitabu kuhusu kumbukumbu ya Nyerere mwaka 2015, anaona kwamba ujamaa umeacha kuwa sera ya uchumi ukawa lugha ya maadili: watu wanautumia kusema kiongozi anapaswa kuwa mtu wa namna gani.

Kuna maelezo mengine ya kupima. Wapo wanaosema wazee wanautamani ujana wao. Hilo lina ukweli, lakini haliwaelezi vijana. Wapo wanaosema ni kazi ya chama kinachojipatia heshima kwa jina la mwasisi. Lakini chama hakiwezi kufurahia kupimwa kila siku kwa kipimo hicho, na mwenye shamba la chai hahitaji kuambiwa na mtu kwamba gari lilikuwa likipita. Maelezo ya maadili yana nguvu zaidi, hasa kwa watumishi na watu wa mijini. Kwa Rungwe, hata hivyo, naona hayatoshi pasipo yale ya mbolea, bei na gari. Watu hawaikumbuki tu tabia njema ya viongozi. Wanakumbuka kuhesabiwa.

Mwakikagile, mwanafunzi yule wa Mpuguso, anafaa kusomwa hapa. Mwaka 1972 Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wake katika Daily News, na alimsaidia kwenda kusoma. Mkapa huyo ndiye aliyekuja kuwa rais kuanzia 1995 hadi 2005 na kusimamia ubinafsishaji. Kutoka Marekani Mwakikagile alichapisha mwaka 2002 kitabu kikubwa kuhusu Nyerere na mwisho wa zama zake, na baadaye kingine kuhusu maisha chini ya Nyerere. Anamheshimu Mwalimu kupita kiasi cha kawaida, na bado anakiri kwamba uchumi wa ujamaa ulishindwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba ameandika pia, kwa hamu isiyofichika, kuhusu Tanganyika ya miaka ya 1950, alipokuwa mtoto chini ya ukoloni aliokuja kuupinga. Mtu mmoja anaweza kuzikumbuka zama mbili zinazopingana kwa upendo, kwa kuwa anachokikumbuka katika kila moja si kilekile.

Kwa mtafiti atakayekwenda Rungwe, kazi iliyo mbele inataka haraka. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Azimio alizaliwa mwaka 1947. Ni mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kusema gari la chai lilianza kuchelewa mwaka gani, duka la ushirika lilifungwa lini, na ni nani kijijini aliyekuwa akiajiri vibarua wakati kijiji kikiandikishwa kuwa cha ujamaa. Aulizwe mwaka kwa mwaka, na majibu yake yawekwe pembeni ya vitabu vya malipo vya vyama vya msingi na ya yale waliyoyaandika watafiti wa miaka ya 1960. Pale ambapo kumbukumbu na vitabu havipatani, ndipo swali la maana linapoanzia.